Mafua ya watoto wakati wa joto kali: je, feni na maji baridi ndivyo vya kulaumiwa?

SWALI

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa kwanza ana umri wa miaka 5 na mdogo wake ana miezi 9. Tangu miezi ya joto ianze, nyumba yangu haijapata kutulia. Mkubwa ameugua mafua mara tatu ndani ya miezi minne, na kila anapopona hujiambia kwamba sasa yamekwisha, kisha baada ya siku chache namsikia akipiga chafya asubuhi hata kabla hajafumbua macho. Safari hii amemwambukiza mdogo wake, ambaye leo ni siku ya tatu pua imeziba. Akishika ziwa hunyonya mara mbili tatu, kisha huliachia na kulia, kwa sababu hawezi kunyonya na kupumua kwa wakati mmoja.

Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu na ambaye amelea watoto wengi hadi wakawa watu wazima, anasisitiza kwamba chanzo ni feni na maji baridi ya kwenye jokofu. Kwa kumsikiliza nimezima feni, nafunga madirisha usiku, nimemkataza mkubwa kuchezea maji, na mdogo namvika sweta na soksi hata mchana. Mafua hayajapungua. Kilichoongezeka ni vipele vya joto shingoni mwa mtoto.

Kwenye jokofu imebaki nusu chupa ya antibayotiki ambayo mkubwa aliandikiwa miezi miwili iliyopita alipougua sikio. Jirani yangu ananishauri nimpe mdogo kiasi kidogo kwa kuwa kamasi zake zimegeuka kijani. Ninayo pia dawa ya kikohozi ya mkubwa. Sijampa chochote, ila jana usiku niliishika chupa ile mara mbili na kuirudisha. Joto la mwili wake jana lilikuwa nyuzi 38.2, na leo asubuhi ni 37.6. Naomba unieleze mafua haya yanatoka wapi ilhali hakuna baridi, nifanye nini kwa mdogo, na nitajuaje kwamba sasa ni wakati wa kukimbilia hospitali.

Mama asiyelala

JIBU

Mama mpendwa,

Ulifanya vyema kuirudisha chupa hiyo, na ninaomba leo hii uimwage. Dawa ya maji ya antibayotiki ambayo huuzwa ikiwa unga na kuchanganywa na maji hudumu kwa siku chache tu baada ya kuchanganywa, nyingi kati ya siku 7 na 14 kulingana na aina yake, kwa hiyo dawa ya miezi miwili haifai tena hata kwa aliyeandikiwa. Lakini hata ingekuwa mpya, isingemsaidia mdogo wako. Antibayotiki hupambana na bakteria, na mafua huletwa na virusi, ambavyo dawa hiyo haivigusi; atakachopata mtoto ni kuharisha, pengine vipele, na kuwapa bakteria walio mwilini mwake nafasi ya kuizoea dawa ambayo siku moja ataihitaji kweli. Rangi ya kijani isikutishe. Hutokana na chembe nyeupe za damu ambazo mwili umezituma puani kupigana. Chembe hizo hubeba kimeng'enya chenye madini ya chuma ambacho rangi yake yenyewe ni ya kijani. Katika mafua ya kawaida, kamasi huanza zikiwa nyepesi kama maji, huwa nzito na za njano au kijani kuanzia siku ya pili au ya tatu, kisha huwa nyepesi tena. Mtoto wako yuko katikati ya safari hiyo.

Sasa nije kwenye feni. Virusi vinavyosababisha mafua ni zaidi ya aina 200, na vinavyoongoza miongoni mwao ni rinovirusi. Kuna vingine, hasa jamii ya enterovirusi, ambavyo katika nchi zenye majira manne huenea zaidi kiangazi na mwanzoni mwa vuli, na katika nchi za joto huzunguka mwaka mzima. Adenovirusi nazo hazichagui majira, na zimewahi kuenea kupitia mabwawa ya kuogelea yasiyowekwa klorini ya kutosha. Kwa hiyo mafua wakati wa joto ni jambo la kawaida. Mtoto wa umri wa mkubwa wako anaweza kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka na bado akawa mtoto mwenye afya njema kabisa, kwa sababu kila aina ya kirusi ni lazima mwili wake ukutane nayo ndipo uijue. Mara tatu katika miezi minne inachosha, na ninajua uchovu huo, lakini si dalili kwamba kinga yake ina kasoro.

Je, baridi haina mchango wowote? Swali hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Kuanzia mwaka 1946 kulikuwa na kituo cha utafiti wa mafua karibu na mji wa Salisbury, Uingereza, ambako watu waliojitolea waliwekewa virusi puani. Katika majaribio ya kituo hicho, baadhi yao walioga maji ya moto kisha wakasimama kwenye ujia wenye upepo wakiwa wamelowa. Hawakuugua zaidi ya wenzao waliokaa pakavu. Mwaka 1968 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yanayofanana na hayo. Ni kweli kwamba mwaka 2005 watafiti wa Cardiff, katika Wales, waliwaambia watu watumbukize miguu kwenye maji baridi kwa dakika 20, na siku zilizofuata wengi zaidi miongoni mwao walilalamika kuwa na dalili za mafua kuliko wasiotumbukiza. Lakini maelezo waliyoyatoa ni kwamba baridi hubana mishipa ya damu puani na kuvipa nafasi virusi ambavyo tayari vilikuwamo. Baridi peke yake, bila kirusi, haileti mafua. Nimekueleza haya yote ili uweze kumjibu mama mkwe wako kwa heshima: alichokiona katika miaka yake ya kulea si cha kubuni, ila mtuhumiwa mkuu ni mwingine.

Mtuhumiwa huyo ni mkono. Mwangalie mkubwa wako kwa dakika tano tu akiwa anacheza na huku ana mafua: atajifuta pua kwa kiganja, atashika mwanasesere, atamwonea huruma mdogo wake na kumpapasa shavuni, na mdogo, ambaye kwa umri wake kila kitu huishia kinywani, atamnyonya mwanasesere yule yule. Rinovirusi huweza kuishi kwa saa kadhaa kwenye kitu kigumu kama kitasa cha mlango au kikombe. Ongeza matone ya chafya na hewa ya chumba kilichofungwa ambamo watu wengi wanapumua hewa ile ile, na umeshapata njia zote ambazo virusi vinahitaji. Ndiyo maana msimu wa joto una hatari zake: watoto huenda kwenye mikusanyiko, husafiri pamoja, hutumia taulo moja baada ya kuogelea, hunywa kwenye chupa moja kwa sababu ya kiu, na joto likizidi wote hujifungia kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Kwa hiyo ulipofunga madirisha ili kuwakinga, uliwafungia pamoja na virusi. Yafungue. Feni iwashwe, ila usiielekeze usoni mwa mtoto, kwa kuwa upepo wa moja kwa moja hukausha utando wa pua na kumfanya ajisikie ameziba zaidi. Ielekeze ukutani au dirishani ili hewa izunguke. Kama mnatumia kiyoyozi, safisha chujio lake mara kwa mara, usikiweke kwenye baridi kali, na chumba kifunguliwe kipate hewa mpya mara kadhaa kwa siku. Maji baridi anayokunywa mkubwa hayamletei mafua, na wakati wa joto afadhali anywe hayo kuliko asinywe kabisa. Kuchezea maji nako arudi akishapona homa na nguvu zikirejea.

Nguvu ulizokuwa unazitumia kupigana na feni zihamishie kwenye sabuni. Mikono ioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa sekunde 20, pamoja na katikati ya vidole na chini ya kucha: kabla ya kula, baada ya kupenga kamasi, mtu yeyote anapoingia kutoka nje, na kabla ya kumbeba mdogo. Nasisitiza sabuni kuliko vile vitakasa mikono vya kileo, kwa sababu rinovirusi, enterovirusi na adenovirusi hazina ule utando wa mafuta wa nje ambao kileo hukimbilia kuuvunja, hivyo huvumilia kileo kuliko virusi vingine vingi, ilhali sabuni na maji huviondoa mkononi na kuvipeleka na maji. Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawaambiwi: enterovirusi huendelea kutoka pamoja na kinyesi cha mtoto kwa wiki kadhaa hata baada ya mafua kwisha. Kunawa baada ya kubadilisha nepi, basi, ni sehemu ya kuzuia mafua, na kusiachwe eti kwa kuwa mtoto ameshapona. Kila mtoto awe na kikombe chake na taulo lake. Mfundishe mkubwa kukoholea kwenye kiwiko, na badala ya kumbusu mdogo usoni, ambusu mguuni. Watoto wa miaka 5 huipenda sana kazi ya kupewa siri kama hiyo. Na kama kuna mtu anayevuta sigara nyumbani, asivute ndani hata kidogo, kwa sababu moshi huharibu vinyweleo vidogo vinavyosafisha njia ya hewa ya mtoto. Chanjo ya mafua haya ya kawaida haipo, lakini hakikisha chanjo zao nyingine zimekamilika, hasa zinazokinga nimonia, ambayo ndiyo tunayoiogopa.

Tuje kwa mdogo, ambaye shida yake kubwa kwa sasa ni pua, kwa kuwa watoto wachanga hutegemea mno pua katika kupumua na hawajui bado kupenga. Chemsha maji, yaache yapoe, pima kikombe cha mililita 240 na utie nusu kijiko cha chai cha chumvi, ukoroge hadi iyeyuke yote. Tengeneza mapya kila siku, au tumia matone ya chumvi yaliyotengenezwa tayari yanayouzwa katika maduka ya dawa. Mlaze chali mapajani mwako, kichwa kiinamie nyuma kidogo, tia matone mawili au matatu katika tundu moja la pua, na usubiri dakika moja hivi huku ukimshika mikono. Kisha chukua kifyonza kamasi cha mpira: kibonyeze kwanza kikiwa nje ya pua, ndipo uingize ncha yake kidogo tu na kuachia taratibu, na kitavuta. Fanya hivyo kwa tundu la pili, halafu osha kifaa kwa maji ya moto na sabuni. Atalia, na utajisikia vibaya, lakini mpe ziwa mara tu baada ya hapo na utaona tofauti. Ufanye hivi dakika chache kabla ya kumnyonyesha na kabla ya kulala; usizidishe kuvuta zaidi ya mara tatu au nne kwa siku, kwa sababu pua ikisumbuliwa mno huvimba ndani na kuziba upya.

Mnyonyeshe kidogo kidogo lakini mara nyingi kuliko kawaida. Kwa kuwa ameshapita miezi 6, unaweza kumpa pia maji safi kwa kijiko au kikombe katikati ya kunyonya. Mtoto aliye chini ya miezi 6 maziwa ya mama humtosha hata wakati wa joto kali. Hapa ndipo mafua ya wakati wa joto yanapotofautiana na ya wakati wa baridi, kwa sababu mtoto hupoteza maji kwa jasho, kwa homa na kwa kupumua haraka, huku hamu ya kunyonya imepungua. Hesabu nepi. Kama amekaa saa 8 bila kukojoa, au analia bila machozi, mdomo umekauka, macho yameingia ndani au utosi umebonyea, hilo ni jambo la kumpeleka kwa mtaalamu siku hiyo hiyo.

Lile sweta lako, dada yangu, livuliwe sasa hivi. Mtoto mwenye homa anayefunikwa nguo nyingi wakati wa joto hushindwa kutoa joto nje, na vipele vile vya shingoni ndivyo vilivyokuwa vinakuambia hivyo. Nguo moja nyepesi ya pamba inamtosha. Ukimpima na kukuta joto limepanda, mvue, mpeleke penye hewa, mnyonyeshe, kisha mpime tena baada ya nusu saa hivi, kwa maana huenda sehemu ya joto lile lilikuwa la chumba. Homa inayotokana na mafua si lazima ishushwe kwa dawa ikiwa mtoto ananyonya na anachangamka. Dawa ni kwa ajili ya kumpunguzia taabu. Akisumbuka, parasetamoli hutolewa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na dozi zipishane kwa saa 4 hadi 6 bila kuzidi mara 4 katika saa 24. Soma nguvu ya dawa kwenye chupa kabla ya kupima, kwa sababu chupa mbili zinazofanana zinaweza kuwa moja ina miligramu 120 na nyingine 250 katika mililita 5 zile zile, na upime kwa bomba la sindano lisilo na sindano, usitumie kijiko cha jikoni. Aspirini asipewe mtoto yeyote, kwa kuwa inahusishwa na ugonjwa mbaya wa ini na ubongo uitwao ugonjwa wa Reye. Usimwogeshe maji ya barafu kushusha homa ya mafua. Atatetemeka, na kutetemeka huzalisha joto jingine. Tofauti ipo moja tu: mtoto aliyezidiwa na joto la jua au la chumba, ambaye mwili unawaka, amelegea au haitikii vizuri, huyo hana muda wa kusubiri na parasetamoli haitamsaidia, apelekwe kivulini, amwagiwe maji na kupepewa huku akikimbizwa hospitali.

Dawa ya kikohozi ya mkubwa usimpe mdogo. Dawa hizo hazijathibitika kuwasaidia watoto wadogo, na zinaweza kuwadhuru. Hata mkubwa wako wa miaka 5 hazihitaji sana. Kikohozi chake cha usiku kitapata nafuu kwa kijiko kimoja cha chai cha asali kabla ya kulala, lakini asali hiyo isimguse kabisa mtoto aliye chini ya mwaka 1, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaosababisha ugonjwa wa kupooza uitwao botulizimu. Marhamu zenye kafuri hazifai kwa aliye chini ya miaka 2. Na kumfukiza mtoto kwa sufuria la maji ya moto ninakuomba usijaribu, kwa sababu watoto huungua vibaya sana kwa njia hiyo.

Kama kwa mkubwa utaona kamasi nyepesi zisizokwisha kwa wiki nyingi, macho na pua vinawasha na hana homa kamwe, uliza kuhusu mzio, kwani hapo si mafua tena. Na akiwa na vidonda kinywani au malengelenge viganjani, huenda ni enterovirusi za aina nyingine. Mpe vinywaji vya baridi, na umwonyeshe kwa mtaalamu akikataa kunywa.

Mafua yenyewe huchukua siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi kinaweza kuburuta hadi wiki ya tatu. Usisubiri siku hizo ziishe ukiona haya: mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea na haamki vizuri, midomo imekuwa ya bluu, au sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi. Hizo ni dalili za kukimbia nazo usiku huo huo. Homa ya nyuzi 38 kwa mtoto aliye chini ya miezi 3 nayo haingoji asubuhi. Kwa mdogo wako, homa ikidumu zaidi ya siku tatu, au ikirudi baada ya kuwa ameanza kupona, au akianza kulia huku akivuta sikio, mpeleke aonwe.

Kuna kipimo kimoja ambacho unaweza kukifanya mwenyewe bila kifaa zaidi ya saa, na wahudumu wa afya duniani kote hukitumia kutambua nimonia. Subiri mdogo awe ametulia au amelala, pandisha shati lake hadi kifua na tumbo vionekane, na uhesabu kila mara tumbo linapopanda, kwa dakika moja nzima, si nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu watoto hawapumui kwa mpangilio. Kwa umri wa miezi 2 hadi kutimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni haraka mno. Kwa mtoto wa kuanzia mwaka 1 hadi kutimiza miaka 5, ni 40 au zaidi. Ukipata idadi hiyo, rudia mara moja kuhakikisha, na ikibaki hivyo nenda hospitali. Ianze kazi hii usiku wa leo, uandike idadi na saa kwenye karatasi kila unapoamka kumnyonyesha, na ikitokea mmekwenda kwa daktari, mkabidhi karatasi hiyo kabla hajakuuliza lolote.